Ufunguo wa Kamongo

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yamekatika juu ya mji wa Musoma, lakini mawingu hayakuwa yameinuka, na upepo ulikuja na ubaridi uliowafanya wauguzi wa Kituo cha Usingizi wavae masweta juu ya sare zao. Katika chumba cha kuamshia, Mwalimu Bwire Masatu alilala chali chini ya shuka jeupe. Kwa miaka miwili alikuwa hajafumbua macho.

Kando ya kichwa chake alisimama shemeji yake, Msira, fundi wa mabati, mtu mnene mwenye sauti ya kuvunja mkutano. Sheria ya kituo ilikuwa kwamba kila anayelazwa huchagua mapema mtu mmoja wa kumwita jina siku ya kuamka. Mtu huyo huitwa mwitaji. Wengi waliwachagua wake zao au mama zao. Bwire alimchagua Msira. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mkewe angelia, na kilio hakimwamshi mtu. Humfanya ajifunike zaidi.

"Mwalimu wa zamu!" Msira aliita. "Kengele imelia. Wanafunzi wako mstarini, wewe bado uko kitandani. Leo nani atamchapa nani?"

Mkami, mke wa Bwire, aliketi miguuni pa kitanda akiwa amepakata chupa ya uji wa ulezi. Alitabasamu bila kupenda. "Msira, kaka yangu, huna hata aibu?"

"Aibu ya nini, dada? Huyu alinichagua mwenyewe. Angetaka heshima angemwita padri." Akainama sikioni pa mgonjwa. "Bwire! Bwire Masatu! Timu yako imeshuka daraja. Amka upinge."

Bwire hakupinga.

Daktari Nyangeta Maregesi alisimama ukutani, macho yake kwenye mstari wa joto uliokuwa ukichorwa juu ya kioo cha kompyuta. Hakuwa daktari wa kugusa wagonjwa. Alikuwa mchambuzi wa vinasaba, na kazi yake ilikuwa ghorofa ya juu, kwenye kompyuta. Alikuwa ameteremka kwa sababu muuguzi alimpigia simu akisema kwamba ufunguo, yaani dawa ya kuamsha, ulikuwa umechomwa kwa sindano tangu saa mbili, na mstari ulipanda vizuri, kisha ukasimama kwenye nyuzi thelathini na mbili kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

"Daktari," Mkami alisema, "kwa kawaida huchukua muda gani?"

"Kwa kawaida angekuwa ameshafumbua macho."

Nyangeta hakujua kulainisha jambo. Alizoea kuzungumza na mashine, na mashine haihitaji kulainishiwa. Aliona mkono wa Mkami ukikaza kifuniko cha chupa ya uji, ingawa kilikuwa kimekwisha kukazwa.

"Nipeni muda," alisema, akapanda ngazi.

*

Wagonjwa wote wa kituo walilala kwa msaada wa samaki. Bwawa linapokauka, kamongo hujizika katika tope, hujifunga kwa utando wa ute wake mwenyewe, na hukaa humo miezi mingi akivuta hewa kwa mapafu, bila kula, hadi mvua imwamshe. Kwa vizazi vingi watu wa ziwa walimchimbua kwa jembe na kumla, wala hawakumuuliza anafanyaje. Swali hilo lilijibiwa na kompyuta. Vinasaba vya kamongo ni virefu kuliko vya binadamu zaidi ya mara kumi. Mtu ambaye angevisoma kwa macho, herufi baada ya herufi, angezeeka kabla ya kufika katikati. Mashine ya kituo ilivipanga, ikavilinganisha na vya wanyama wengine, ikaonyesha jeni moja iliyofanya kazi pale tu samaki alipolala.

Jeni ni maandishi. Protini ni kile kinachojengwa kwa kuyafuata maandishi hayo: mnyororo wa vipande vidogo unaojikunja hadi upate umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Mashine ilitabiri umbo la protini ya usingizi wa kamongo. Lilikuwa kama kufuli. Baadaye wataalamu walibuni kufuli ya namna hiyo kwa ajili ya mwili wa binadamu, wakabuni na ufunguo wake. Mtu ambaye dawa yake ilikuwa bado haijapatikana aliweza kulala akaisubiri. Dawa ya ini la Bwire ilikuwa imepatikana mwezi uliopita. Lakini ilifanya kazi ndani ya mtu aliye macho tu.

Nyangeta aliketi mbele ya kioo. Aliiagiza mashine imlinganishe Bwire na watu wote waliowahi kusomwa na kituo: ni nani mwingine mwenye jeni kama yake, mahali pale kufuli inaposhika?

Jibu lilikuja upesi. Hakuna.

Jibu hilo lilikuwa safi mno. Damu ya Bwire mwenyewe ilisomwa siku alipolazwa. Kwa uchache jibu lilipaswa kuwa mmoja.

Alirudia swali. Hakuna. Basi akaacha kuuliza nani yumo, akauliza nani alitolewa. Mashine ilikuwa na jaa lake, mahali ilipotupa vipimo vya damu vilivyoharibika. Kwa kawaida hakuna aliyefungua jaa, kama vile hakuna anayefungua pipa la taka la jirani. Nyangeta alilifungua. Bwire Masatu alikuwamo. Pamoja naye walikuwamo watu mia tatu na zaidi wa wilaya za ziwani, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wamelala ghorofa ya chini muda ule ule. Mbele ya kila jina palikuwa na sababu ileile ya kutupwa: uchafu wa kamongo.

Alilinganisha tena, safari hii kwa macho yake. Katika mnyororo wa vipande zaidi ya mia tatu, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo watu wale walikuwa na kipande alichonacho kamongo. Haukuwa uchafu. Walizaliwa nacho. Binadamu na kamongo walitokana na mzazi mmoja wa kale mno, na maandishi yao bado yanafanana katika mistari mingi. Lakini chujio la kituo halikujua habari za mzazi wa kale. Lilijua amri moja: damu ya mtu ikionekana na herufi ya samaki, itupwe.

Kwa hiyo ufunguo ulibuniwa, ukapimwa, ukasifiwa, bila watu hao. Ndani ya Bwire kufuli ilizama zaidi kuliko ndani ya wengine, na ufunguo ulizunguka nusu ukakwama.

Kila mwisho wa mwezi mashine ilimletea Nyangeta taarifa kwamba takwimu zote ni safi. Kila mwezi alifurahi.

*

Profesa Sospeter Mugeta, mwanzilishi wa kituo, alimsikiliza akiwa amesimama, huku karanga alizokuwa akitafuna zimebaki kiganjani.

"Chujio hilo nililiweka mimi," alisema. "Wewe ulikuwa bado sekondari. Mwaka ule tulitangaza kwamba tumepata jeni ya kamongo ndani ya mama mmoja wa Bunda. Unajua ilikuwa nini? Muuguzi alishika samaki, kisha akashika chupa ya damu. Ute mtupu. Lakini redioni walituimba wiki nzima. Watoto wa mtaani kwangu waliniita Profesa Kambale."

"Kambale si kamongo."

"Ndiyo iliyoniuma zaidi." Hakucheka. "Nikaapa kwamba hatutachekwa tena."

"Kwa hiyo kila aliyefanana na samaki tukamtupa."

"Tulimtupa kwenye hesabu, Nyangeta. Si kitandani."

"Kitandani tulimlaza, Profesa. Tungemtupa hapo, leo asingekwama usingizini."

Mugeta aliweka karanga mezani. Alikuwa mzee mwenye akili, na alijua kuruka kutoka kosa hadi suluhisho bila kukanyaga katikati. "Kuna njia?"

"Ipo. Ufunguo wa kamongo mwenyewe, ule ambao mwili wake huujenga mvua inaponyesha. Nimeiomba mashine iukunje ndani ya kufuli ya Bwire. Unaingia na unafungua. Tatizo ni baada ya hapo. Samaki ana protini nyingine ya kuung'oa ufunguo ukishamaliza kazi. Mtu hana. Utabaki ukizurura ndani ya mwili, na mashine inasema unaweza kuushika moyo."

"Unaweza kwa kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu."

"Tusipofanya kitu?"

"Ugonjwa wa ini umeamka, yeye hajaamka. Hatafika kesho. Na kumrudisha usingizini haiwezekani. Kufuli iliyo nusu wazi haifungiki."

Profesa alikwenda dirishani. Jumanne ilikuwa siku ya kutembelea wagonjwa, na ua ulikuwa umejaa watu wenye vikapu na watoto.

"Mwambie mkewe kwamba inahitajika dozi ya pili," alisema. "Basi. Ni kweli."

"Ni nusu ya kweli."

"Nusu inatosha mtu kutia dole kwenye fomu. Ukimwambia yote atakataa, kama ambavyo ungekataa wewe. Bwire atakufa akiwa amelala, na sisi hatutajua lolote jipya. Lakini akiwa macho, hata kwa saa moja, damu yake itaionyesha mashine namna ya kubuni ufunguo unaoachia. Wapo watu kumi na mmoja chini yetu hapa. Pima mwenyewe."

Nyangeta alipima. Hesabu ya Profesa haikuwa ya uongo, na hilo ndilo lililomsumbua. Mtu mmoja aliyekwisha kukaribia kaburi, upande mmoja. Watu kumi na mmoja, upande wa pili. Na kati yao sentensi chache ambazo hakuna angelazimika kuzisema. Lakini aliona pia kwamba anaombwa kuweka chujio jingine, safari hii kwenye masikio ya mke wa mtu. Chujio la kwanza nalo liliwekwa kwa sababu nzuri.

"Nakwenda kuzungumza naye," alisema.

Profesa hakuuliza atasema nini. Labda aliogopa kujua.

*

Aliwakuta barazani. Msira alikuwa akinywa uji wa mgonjwa.

"Unapoa," alijitetea. "Nitapika mwingine."

Nyangeta aliketi mbele yao, akawaambia. Alieleza habari za kufuli na ufunguo, za kipande kimoja cha mnyororo, za jaa. Alisema nani aliweka chujio, na kwamba yeye alilitumia miaka mitano bila kulifungua. Alitaja hatari ya moyo jinsi mashine ilivyoitaja, bila kuongeza wala kupunguza. Alipomaliza, Msira aliifunga chupa ya uji.

"Kwa hiyo mlimwona shemeji yangu," Msira alisema polepole, "mkadhani ni samaki."

"Ndiyo."

"Mwalimu wa Jiografia. Mtu asiyejua hata kuogelea." Alianza kucheka, kisha akageuka akatazama ukuta.

Mkami hakulia. "Wako wangapi wengine?"

"Kumi na mmoja."

"Wenyewe wanajua?"

"Hapana."

"Yule mama wa kitenge cha njano pale uani, tunayepishana naye kila Jumanne. Mwanawe yumo?"

Nyangeta aliitikia kwa kichwa.

Mkami alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mpeni huo ufunguo," alisema. "Nitatia dole. Lakini si hivi mnavyotaka. Kwetu mtu haagwi mlango ukiwa umefungwa. Waiteni hao wote. Walio hapa waingie. Walio mbali wapigieni simu, waone kwenye kioo. Profesa wenu awaambie kwa kinywa chake, asikutume wewe. Kisha Bwire apewe dawa mbele yao. Akiamka, wamwone. Akifa, wajue ni nini wenyewe wanachongojea, waamue."

"Mama Mgaya," Nyangeta alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "kuwakusanya kutachukua muda. Kila saa inayopita, nafasi yake inapungua."

"Nimekusikia uliposema."

"Basi tumpe kwanza, tuwaite baadaye."

"Baadaye!" Msira alisema bila kugeuka. "Hiyo baadaye yenu ndiyo iliyomlaza hapa."

Mkami alimshika Nyangeta mkono, kama mtu anayemtuliza mgeni msibani. "Mdogo wangu, usingeniambia, ningetia dole nikaenda kungoja. Umeniambia. Sasa mtoto wa mwenzangu yuko ukingoni mwa kisima na mimi nimemwona. Unataka nipite?"

*

"Atatuangamiza," Profesa alisema.

"Huenda."

"Mashine imeshaujenga ufunguo?"

"Inangoja amri yangu. Nami nakungoja wewe, Profesa."

Mugeta alizisukuma karanga kando. Kisha akavaa koti, akalifunga vifungo vyote, akateremka uani.

Hakubeba karatasi. Alipanda ngazi ya baraza na kuyataja majina kumi na moja kwa moyo, moja baada ya jingine, na ndugu zao waliokuwapo wakasogea mbele. Akawaambia alichofanya na kwa nini. Alipofika mahali pa kusema kwamba aliogopa kuchekwa, sauti ilimpotea, ikabidi aanze upya sentensi ile. Mwanamume mmoja alimtukana, na hakuna aliyemnyamazisha. Yule mama wa kitenge cha njano aliuliza jambo moja tu: je, mwanawe anaota huko aliko? Profesa alisema hajui.

Kufikia saa kumi alasiri familia saba zilikuwa zimesimama katika chumba cha kuamshia na nne zilionekana kwenye kioo. Mashine iliupa moyo wa Bwire nafasi moja katika tatu ya kuhimili. Nyangeta alimwambia Mkami. Mkami alitikisa kichwa kukubali, akamwelekea muuguzi, na ufunguo ukachomwa.

Mstari wa joto ulitulia palepale. Kisha ukapanda. Thelathini na tatu. Thelathini na tano.

"Ita," Nyangeta alisema.

Msira alifungua mdomo, sauti yake kubwa ikakataa kutoka. "Bwire," alinong'ona.

"Ndiyo kuita huko?" Mkami alisema. "Alikuchagua kwa ajili ya nini?"

Msira alifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi. "Mwalimu wa zamu! Kengele imelia mara ya pili! Na leo si wanafunzi. Leo wazazi wamekuja shuleni, wamejaa mpaka mlangoni, wanataka kukuona!"

Kope za Bwire zilicheza. Zilifumbuka kidogo, zikafumba, zikafumbuka tena. Aliwatazama watu wale wote waliosimama kukizunguka kitanda chake, akajaribu kumeza mate.

"Waketi," alisema.

Hapakuwa na viti. Waliketi sakafuni, wote, na wale walioonekana kwenye kioo nao wakaketi huko waliko.

*

Bwire alikunywa vijiko vinne vya uji mpya, akauliza kama Mgaya alifaulu mtihani, akaambiwa amefaulu. Usiku ule na kutwa nzima ya Jumatano alizungumza na mkewe. Moyo wake ulisimama Alhamisi asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mkami.

Mkami alimzika, akakaa matanga, kisha Jumanne iliyofuata akarudi kituoni na chupa ya uji, akaketi karibu na mama wa kitenge cha njano.

Mashine ilisoma damu ya Bwire iliyotolewa katika saa ile ya kwanza ya kuamka kwake, ikabuni ufunguo unaoachia. Familia nane ziliukubali, na watu wao waliamka. Mbili ziliukataa. Moja ilikuwa bado inafikiri.

Profesa Mugeta aliacha uongozi wa kituo. Aliomba kazi ya kuzungumza na ndugu wa wagonjwa kabla hawajalazwa, akapewa.

Msira alirudi kwenye mabati yake. Watu watatu walimfuata karakanani wakimwomba awe mwitaji wao. Alikataa, akakataa, kisha akamkubalia mmoja.

Nyangeta alilivunja chujio na kuwarudisha watu wote waliokuwa jaani. Mashine ilimtaka aeleze sababu ya badiliko. Aliandika: Bwire Masatu, mwalimu.